Uzito Usiotokana na Wino: Uhakiki wa Herufi za Albertus

Katika taaluma ya uchapaji, herufi nzito aghalabu huelezwa kuwa ni herufi zilizokolezwa wino. Maelezo hayo hayaitoshelezi Albertus, fonti iliyobuniwa na Berthold Wolpe kwa ajili ya kampuni ya Monotype ya Uingereza katika miaka ya 1930. Makala haya yanadai kwamba uzito wa Albertus ni zao la patasi, na kwamba matumizi yake yapimwe kwa kigezo hicho.

Wolpe, aliyezaliwa Offenbach, Ujerumani, mwaka 1905, alianza kama mwanagenzi katika karakana ya kusubu shaba, kisha akasoma kwa Rudolf Koch. Katika maandishi yake ya shaba hakuchimba herufi; aliondoa madini yaliyoizunguka, herufi ikabaki imeinuka. Mwaka 1932 Stanley Morison wa Monotype alimwomba ayageuze maandishi hayo kuwa herufi za chapa. Asili hiyo haikufichika. Kila mkono wa herufi hupanuka taratibu kuelekea ncha, mithili ya tarumbeta, kisha hukatwa ghafla. Hakuna kijiti kinachokingama mwishoni kama katika Times New Roman, wala unene usiobadilika kama wa Helvetica. Si ajabu kwamba Maximilien Vox, katika uainishaji wake wa mwaka 1954, alitenga kundi la pekee kwa herufi zenye asili ya mchongo.

Optima ya Hermann Zapf nayo hupanuka, lakini kwa kiasi kidogo mno, ndiyo maana huweza kubeba aya ndefu. Albertus haiwezi. Ikipunguzwa sana, tofauti baina ya kiuno na ncha hutoweka.

Nguvu yake i katika majalada. Wolpe alifanya kazi Faber and Faber kuanzia mwaka 1941 hadi 1975, na katika majalada yake mengi jina la mwandishi na la kitabu lilitosha kusimama mahali pa picha. Wahakiki wanaoridhika kusema kwamba herufi hii "ina heshima" wanaacha swali gumu: heshima ya nani? Katika tamthilia ya televisheni The Prisoner (1967), herufi hiyohiyo, ikiwa imebadilishwa kidogo, imejaa katika mabango ya kijiji ambacho wakazi wake ni wafungwa. Hapo ni sauti ya mamlaka isiyo na uso. Nayo historia ya mbunifu inaitia ladha chungu: Wolpe, Myahudi aliyeukimbia utawala wa Wanazi, aliwekwa kizuizini na Waingereza mwaka 1940 kwa kuwa Mjerumani, akasafirishwa hadi Australia. Leo vibao vya mitaa ya City of London vimeandikwa kwa herufi zake.

Matumizi ya kompyuta yameleta tatizo jingine. Mwandishi anapobonyeza kitufe cha kukoleza, na fonti aliyonayo haina umbo zito lililochorwa na mbunifu, programu huongeza unene uleule kila upande. Kiuno chembamba hunenepa, kwa uwiano, kuliko ncha iliyokwisha kupanuka. Mkunjo wa patasi hufifia, na kinachosalia huonekana kama kasoro ya uchapaji.