Canon 7 ilivyoitupa lenzi ya 25mm

Canon 25mm f/3.5 ya mwaka 1956 haikustahili kutendewa vile. Mwaka 1961 Canon walitoa kamera yao kubwa, Canon 7, na juu yake wakaondoa kishikio, pale tunapochomeka flashi au kidirisha cha nje cha kutazamia. Patupu kabisa. Fremu za ndani zinaanzia 35mm. Mwenye 25mm aangalie wapi?

Wapo wanaosema tumia fremu ya 35mm kisha kisia. Kisia nini? Fremu ile inaona nyuzi 63 toka pembe hadi pembe, na 25mm inaona 82. Hapa Rusizi wavuvi wa sambaza huingia Ziwa Kivu jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Ukipanda mmoja huna pa kurudi nyuma: mvuvi wa karibu yuko mita moja kutoka kwako, wa mtumbwi wa tatu yuko mbali, na unawataka wote wawili. Hiyo ni kazi ya 25mm hasa. Kwa Canon 7 unaona katikati ya picha tu. Kule kingoni mkono unakatika, mti unaingia, na hujui mpaka filamu isafishwe.

Kulikuwa na kifaa cha nyongeza cha kuchomekea kidirisha, kikiuzwa peke yake. Kumuuzia mteja kitu alichokuwa nacho bure kwenye kamera ya zamani! Canon VT, ya mwaka uleule wa lenzi hii, ilikuwa na pini ndogo ndani ya kishikio. Ukizungusha fokasi, pini inakisogeza kidirisha cha nje na paralaksi inajirekebisha yenyewe. Kwa mvuvi wa mita moja, pini ile ndiyo inayookoa kichwa chake kisikatwe. Mafundi walioibuni walijua lenzi pana ni ya nini. Nikon nao, kwa SP ya 1957, waliweka dirisha la pili la 28mm na 35mm, na kishikio hawakukigusa.

Mimi nawalaumu wafukuzaji wa f/0.95, na nitazidi kuwalaumu. Kwa ajili ya lenzi moja ya 50mm, mdomo wa Canon 7 uliongezewa meno ya nje, lakini lenzi zote zilizo chini ya 35mm hazikupewa hata kipande cha bati. Eti jioni inahitaji f/0.95! Kwa 25mm mkono uliozoea unashika 1/15, na bado nyuso nyingi ziko ndani ya fokasi.

Shata ya chuma ya Canon 7 ni nzuri, na fremu za kubadilisha kwa gurudumu ni nzuri pia. Lenzi ya 25mm yenyewe ni kazi safi: muundo wa Topogon, na kioo bapa kwa nyuma.

Kosa la kuondoa kishikio liliachwa muda mrefu mno. Mwaka 1964 Canon walitoa 19mm f/3.5, lenzi isiyotumika bila kidirisha cha nje, huku Canon 7 yenyewe ikiwa bado haina kishikio. Kishikio kilirudi kwenye 7s, mwaka 1965.

Kwa 25mm, tafuta Canon zenye kishikio: VI-T, au P ya 1959. Canon 7 waachie wenye 50mm.