Bei ya intaneti ya Bomeni imekaa barabarani

Intaneti ya vijijini ikizungumziwa, macho ya wengi huenda kwenye kifaa cha mwisho: dishi juu ya bati, puto angani, simu mkononi. Kwa wadi ya Bomeni pale Taveta, gharama haiko huko. Iko kati ya Voi na Taveta.

Tuanze baharini. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, mwaka uleule mkongo wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, ambako ujumbe kwenda na kurudi huchukua takriban nusu sekunde, na kwa bei isiyoshikika. Faiba ikatandazwa kuelekea Nairobi, na Voi iko njiani. Taveta haiko njiani. Ni zaidi ya kilomita 100 magharibi, na sehemu kubwa ya safari inapakana na hifadhi za wanyama za Tsavo au kuzikata. Hifadhi hizo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita-Taveta. Kampuni ikisimamisha mnara katikati ya mbuga italipia chuma, betri na mlinzi mahali pasipo na nyumba hata moja ya mteja. Gharama hiyo yote humwangukia mnunuzi wa bando mjini Taveta, pamoja na muuza ndizi anayelipwa kwa simu Jumatano na Jumamosi, siku za soko.

Ila Taita ina milima. Kutoka kilele cha Vuria hadi Taveta ni kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali huo mgongo wa dunia huinuka kama mita 70 katikati, na mawimbi ya gigahezi 5 yanataka uwazi wa mita 30 hivi zaidi ya hapo. Kwenye tambarare ungehitaji mlingoti usiojengeka. Vuria ina mita 2,208, Taveta iko chini yake kwa zaidi ya mita elfu moja, kwa hiyo mlima wenyewe ndio mlingoti. Ndiyo maana minara ya mawasiliano imesongamana kule juu.

Kazi ngumu huanza baada ya hapo, na mara nyingi ni ya umeme. Kituo kidogo cha kupokezana mawimbi, chenye redio mbili na kifaa cha kuziunganisha, hula kama wati 25, yaani wati-saa 600 kwa siku nzima. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano huleta 500. Tayari umepungukiwa, na Taita ina asubuhi za ukungu. Fundi anayejua kazi huweka paneli mbili na betri ya kuvuka siku mbili bila jua, kisha hupanda juu na spana, akilegeza nati na kusogeza dishi kidogo kidogo huku akitazama namba za nguvu ya mawimbi: desibeli -80 haifai, -60 anakaza. Mtandao wa kijiji ukifa, mimi ningeulizia betri kwanza.

Kenya imekwisha kujaribu kuiruka njia hiyo ya ardhini kati ya faiba na kijiji. Julai 2020 Loon, kampuni ya Alphabet, na Telkom Kenya walianza huduma ya maputo kama 35 yaliyoelea kilomita 20 juu ya eneo la kilomita za mraba 50,000, magharibi na katikati mwa nchi. Kwenye jaribio moja kasi ilifika megabiti 18.9 kwa sekunde. Teknolojia ilifanya kazi. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga, kwa sababu gharama hazikushuka kiasi cha kuifanya biashara idumu. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, imeteremsha setilaiti hadi kama kilomita 550, na kwa boma lililo peke yake ni mkombozi kweli. Lakini anga nayo hugawanywa: mwishoni mwa 2024 ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kujaa.

Mfano wa kampuni ya Mawingu, ulioanzia Nanyuki mwaka 2013, ndio unaonivutia: redio za ardhini, umeme wa jua, na gharama ya njia moja kugawanywa kwa wengi. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni ya mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii, kwa hiyo hata kikundi cha Bomeni kinaweza kusambaza intaneti chenyewe kihalali. Kinachokikwamisha ni bei ya jumla ya kuitoa Voi. Kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote. Fedha hizo zilipie Voi hadi Taveta, kwa sharti kwamba mtoa huduma mdogo atauziwa uwezo wa njia hiyo kwa bei ileile anayouziwa mkubwa.