Tui Ndani ya Jakuzi

Siku niliyogeuza jakuzi kuwa tui, mzee hakunigombeza. Aliinama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayatazama yakivuja kati ya vidole. "Mwanangu," akasema, "umepika chokaa."

Nyumba ilikuwa Diani, kusini mwa Mombasa, na jakuzi yenyewe haikuzidi lita 1,500. Nilikuwa nimeachiwa zamu ya asubuhi. Vidonge vya klorini vilikuwa vimeyavuta maji kwenye asidi, na kijiko cha kupimia kilikuwa kimenidondoka humo ndani. Nikaona uvivu kukizamia. Nikamwaga magadi kikombe kizima, nikawasha pampu. Kabla sijamaliza chai, maji yalikuwa meupe pepepe.

Pwani hii imekalia jiwe la matumbawe. Ndilo wazee walilolichoma kupata chokaa ya kujengea misikiti na majumba, na maji ya kisima hulipitia, yakalilamba, yakaja juu yamebeba chokaa isiyoonekana. Sukari huyeyuka upesi kwenye chai ya moto. Chokaa hii ina tabia ya kinyume. Maji yakipata moto, au asidi ikipungua, huacha kujificha. Hushika kwenye hita kama ukoko chunguni, huziba matundu ya mapovu au, kwa mwenye haraka kama mimi, hutoka kwa mkupuo mmoja. Maji laini kupita kiasi nayo yana kero yake, kwani huila saruji ya kuta. Mwaka 1936 Mmarekani mmoja, Langelier, alichapisha hesabu ya kujua kama maji yataacha chokaa au yataiyeyusha. Mzee hana habari naye. Yeye huchanganya maji ya kisima na ya mvua, kisha hupapasa ukuta kwa kidole gumba, akajua wiki imekwendaje.

Ninachomhusudu zaidi ni mpangilio wake. Huanza na alkali, ambayo huitaka kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, kwa sababu hiyo ndiyo nanga. Mapovu hufukuza hewa ya kaboni kutoka majini, na pH hupanda yenyewe bila mtu kugusa kitu. Nanga ikiwa nyepesi, hupanda na kushuka kama ngalawa kwenye kusi. Nanga ikishatulia, ndipo huishughulikia pH, asiiache itoke kati ya 7.2 na 7.8. Klorini huja mwisho. Wengi huitanguliza, na hapo ndipo pesa hupotelea: pH ikifika 8, sehemu kubwa ya klorini hubaki jina tu, nguvu hamna. Tena kwenye joto la nyuzi 40 huisha haraka, basi mzee hairuhusu ishuke chini ya miligramu 3. Si kwa ajili ya urembo. Bakteria waliowaua wanajeshi wastaafu kule Philadelphia mwaka 1976 hupenda maji vuguvugu, na mvuke wa jakuzi huwafikisha mapafuni.

Wageni wakisikia harufu kali hulalamika kwamba dawa imezidi. Kumbe mara nyingi imepungua: wanachonusa ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. (Ndiyo, mkojo, na wa watu wazima, tusidanganyane.) Mzee huitikia, "Samahani sana, bwana," akangoja waende kula, akaongeza dawa.

Tui langu alilitibu kwa asidi, kifuniko kimoja kimoja, akiitia asidi kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi. Kila baada ya kifuniko alikaa kitini. Nikamuuliza tufanye nini sasa. "Tungoje." Nikauliza tena baada ya dakika kumi. Akanituma nikaoshe kichungi, nadhani ili ninyamaze. Nilikiosha mara nne siku ile, na kila mara kilitoa maji kama ya kuoshea mchele.

Magharibi ilipokaribia, ngazi ya kwanza ikaonekana, kisha ya pili, kisha vigae vya sakafu, na juu yake kijiko changu. Mzee akakunja mkono wa kanzu, akakizamia, akakifuta kwa taulo na kunikabidhi bila kusema neno.