Koilova Nzuri Utaijua kwa Mwendo wa Rodi

Gari likishafungwa koilova, wengi husifu pengo dogo kati ya tairi na madigadi. Mimi kwanza huuliza rodi ya shokapu imebakiwa na nafasi gani ya kushuka. Gari lililoshushwa kupita kiasi hugonga raba ya kikomo kila tuta, na pigo hilo huishia kwenye sili na vali za ndani.

Koilova ni shokapu iliyovikwa springi, yenye meno mwilini na pete za kupandishia au kushushia gari. Za bei ndogo huteremsha kikalio cha springi tu, kwa hiyo kila ukishusha unakula mwendo wa rodi. Zilizo bora hurekebishwa pia kwenye kitako cha chini: gari linashuka, springi na rodi vinabaki vilivyokuwa. Kama unayo hela ya kununua ubora mmoja tu, nunua huo.

Mtumba wa Japani unaweza kuishinda mpya ya bei chee, ila ukague kwa mkono. Pitisha ukucha kwenye rodi; ukikwama kwenye mkwaruzo au kutu, iache, kwani sili itakatika na oili itavuja. Kisha isukume ndani. Shokapu ya gesi ya bomba moja hurudi yenyewe. Ikilala humo, gesi imekwisha.

Fundi naye utamjua kwa anavyoishika rodi. Akiibana kwa plaizi ili akaze nati ya juu, msimamishe hapo hapo. Anayeijua kazi huizuia kwa alenki kwenye ncha. Tena bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Zikikazwa likining'inia kwenye jeki, raba hujisokota likishushwa, na bushi nzuri kabisa huchanika mapema. Mpira wa breki na waya wa ABS usivutwe usukani ukikatwa hadi mwisho.

Usikubali kamwe mfuniko wa vumbi utupwe eti unasumbua kufunga. Kwa vumbi na tope la barabara zetu, huo ndio uhai wa sili. Meno nayo yasafishwe kwa brashi, hasa pwani, maana chumvi huzigandisha pete.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Funga kwenye rodi mkanda mwembamba wa plastiki, ule ambao mafundi umeme hufungia nyaya, uuteremshe hadi ukae juu ya mwili wa shokapu, kisha endesha njia yako ya kila siku. Utasukumwa hadi pale rodi ilipoishia kuzama. Ukiukuta umebanwa kwenye raba ya kikomo, pandisha gari.

Springi zikishatulia, kapime alaimenti. Kimo kikibadilika, pembe za magurudumu hubadilika pia, na tairi huliwa upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hachungulii.