PlanetSolar: tusifu mashua, lakini tupime paa kwanza

Bandugu, video ya PlanetSolar imerudi tena katika magrupu yetu, na maneno ni yale yale: jua linatosha. Sifa iko sawa. Somo njo wengi hawakulisoma vizuri.

Mashua hiyo ilitoka Monaco mwezi wa 9, 2010, ikazunguka dunia kwa jua tupu, ikarudi mwezi wa 5, 2012. Lakini muangalie mwili wake: urefu mita 31, pano za jua m² 537, kilowati 93 hivi, betri tani 8 na nusu. Ni shamba la jua lenye kuelea.

Sasa tuchukue boti ya kutembeza watu hapa Kivu, yenye paa la m² 10. Kwa hesabu ile ile, saa sita mchana bila wingu, kilowati 2 haifiki. Mota ya farasi 15 inataka 11. Taa, simu, muziki, frigo ndogo: ndiyo. Kusukuma? Itasogea pole pole, sawa, lakini na watu 8 na upepo wa jioni?

Na kivuli, hakuna mwenye kukisema. Sisi wa agro tunajua muhindi wenye kivuli upande mmoja bado utatoa kitu. Pano ni mbaya zaidi: seli zimefungwa mfululizo, kivuli kidogo kinaweza kushusha sehemu kubwa ya nguvu yake. Na antena wanaiweka wapi? Juu ya paa!

Wewe unayetaka kukopa dola kwa mradi huo, muulize kwanza muuzaji: mota inakula kilowati ngapi, na usiku betri zitajazwa wapi?