Jina la Ukoo na Mwanachama wa Timu: Uhakiki wa Istilahi za Kanzidata ya Besiboli

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu istilahi za sheria, za benki, za uhandisi na za kilimo. Safari hii tumechagua uwanja ambao huenda ukawashangaza baadhi yao, nao ni upangaji wa habari za wachezaji na timu za besiboli katika kanzidata inayojazwa na watu wengi kwa pamoja. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1947 dunia ilimjua Jackie Robinson, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 timu ya Los Angeles Dodgers iliwapa mikataba vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Hapa Tanzania besiboli imekuwa ikichezwa katika baadhi ya shule za sekondari tangu miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani. Basi habari za watu hawa zinaandikwa, na zinapoandikwa kwa Kiswahili hapana budi ziandikwe kwa istilahi zinazosema kweli.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya kanzidata. Wapo wanaopendelea hifadhidata, nasi hatuna ugomvi nao. Ila kanzi ni hazina, na hazina hutunzwa kwa mpango, ilhali hifadhi yaweza kuwa ghala lolote. Katika makala haya tutatumia kanzidata.

Hakuna mchezo ambao watu wake wamependa kuhesabu kama besiboli. Mwaka 1969 kampuni ya Macmillan ya New York ilitoa ensaiklopidia nene ya besiboli iliyopangwa kwa msaada wa kompyuta. Mwaka 1989 ulianzishwa mradi wa Retrosheet, ambamo watu wanaojitolea hukusanya kumbukumbu za mechi za zamani, tukio kwa tukio. Tangu 2012 ipo Wikidata, kanzidata ambayo mtu yeyote duniani aweza kuongeza habari ndani yake. Humo kila mtu na kila timu ina namba yake, na kila sifa, kama vile jina, timu, nafasi uwanjani au namba ya jezi, nayo ina namba yake. Namba hizo hazina lugha. Lugha huingia pale tu sifa inapopewa lebo, na kila lugha huweka lebo yake. Sifa namba P54, kwa mfano, hueleza timu ambayo mtu alichezea. Ni hiyo hiyo moja kwa besiboli, kwa kandanda na kwa mpira wa pete.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Sifa aliyowekewa Babe Ruth wa New York ndiyo atakayowekewa kijana wa kandanda wa Mohoro. Lebo ya Kiswahili ikiwekwa vibaya kwa ajili ya mmoja, imewekwa vibaya kwa wote. Ndiyo maana tumeichukua Mohoro, mji mdogo wa Wilaya ya Rufiji karibu na delta, kuwa mahali pa kujaribia istilahi hizi. Istilahi isiyoweza kumwandika mchezaji wa Mohoro bila kumpotosha haifai, hata kama inamwandika Mmarekani kwa ufasaha.

Tuanze na jina, maana hapa ndipo penye hitilafu kubwa. Fomu nyingi zinazotafsiriwa huwa na safu mbili: jina la kwanza na jina la ukoo. Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Juma Hamisi Ali ni mtoto wa Hamisi Ali Saidi. Mjazaji wa kanzidata atasema jina la ukoo la Juma ni Ali, na jina la ukoo la baba yake ni Saidi. Kwa hiyo baba na mwana, waliokaa nyumba moja na kucheza timu moja kwa vipindi tofauti, watakuwa wa koo mbili. Wakati huo huo Juma atahesabiwa ukoo mmoja na kila mchezaji wa pwani nzima ambaye babu yake aliitwa Ali. Ali si ukoo. Ni jina la babu, na ukoo wa mtu huyu, kama anao anaoutaja, hauonekani katika majina hayo matatu hata kidogo.

Zamani orodha zetu zilikuwa na neno dogo lililozuia makosa haya, yaani bin, na kwa wanawake binti. Juma bin Hamisi hakuweza kudhaniwa kuwa na ukoo uitwao Hamisi. Tulipoliacha neno hilo katika fomu za ofisi tuliona tumeokoa nafasi ya herufi tatu, kumbe tulikuwa tumeondoa maelezo ya uhusiano na kubakiza majina matupu yaliyopangwa mstari mmoja.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba kanzidata yenyewe haina lawama hapa. Wikidata ina sifa ya jina la mtu binafsi, P735, na sifa ya jina la familia, P734, lakini pia inayo ya tatu, P5056, iliyowekwa mahsusi kwa jina litokanalo na baba au mama. Waisilandi wanaihitaji, Waethiopia wanaihitaji, nasi tunaihitaji. Chumba kimekwisha jengwa, ila tafsiri zetu humpitisha mgeni mlango usio wake. Tunapendekeza lebo tatu zilizo wazi: jina lake, jina la baba, na jina la familia, na hii ya mwisho ijazwe tu pale ambapo familia kweli inalo jina linalorithiwa. Neno ukoo tuliache kwa maana yake ya asili.

Wala tusidhani kwamba majina ya wachezaji wa besiboli ni mepesi kwa wenyewe. Babe Ruth aliitwa George Herman Ruth. Ichiro Suzuki kwao Japani huandikwa Suzuki kwanza, na mgongoni mwa jezi yake paliandikwa Ichiro, jina lake binafsi. Mfano unaotupendeza zaidi ni wa Mwafrika Kusini, Mpho Gift Ngoepe, ambaye mwaka 2017 alikuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, akiwa na Pittsburgh Pirates. Mpho kwa lugha za Kisotho na Kitswana ni zawadi, na Gift kwa Kiingereza ni zawadi. Majina mawili, maana moja, na ulimwengu wa besiboli unamjua kwa lile la pili. Mtunzi wa kanzidata asipokuwa na safu ya jina analojulikana nalo, atamkosa.

Sasa tuje kwenye P54. Tafsiri inayomjia mtu haraka, akifuata Kiingereza neno kwa neno, ni mwanachama wa timu ya michezo. Msomaji wa Tanzania atacheka, kisha atakasirika. Mwanachama wa Simba au wa Yanga ni mtu mwenye kadi anayelipa ada na kuhudhuria mkutano mkuu. Huenda hajagusa mpira tangu utotoni. Mchezaji naye aweza kuichezea Simba misimu mitatu bila kuwa mwanachama hata siku moja. Lebo hiyo, basi, haikosei kidogo tu, bali inataja kundi jingine kabisa la watu. Ikiwa siku moja mtu ataiuliza kanzidata imtajie wanachama wa Yanga, atapewa orodha ya washambuliaji na mabeki. Timu aliyochezea ni maneno mawili, yanaeleweka Mohoro na yanaeleweka Mombasa.

Kuhusu timu zenyewe, swali ni kama timu inayobadili jina au mji hubaki ile ile. Dodgers aliowachezea Jackie Robinson kuanzia 1947 hadi 1956 walikuwa wa Brooklyn. Walihamia Los Angeles mwaka 1958. Wenyewe wanaihesabu kuwa timu moja. Kwetu Simba iliwahi kuitwa Sunderland, na jina la sasa lilikuja mwaka 1971. Hakuna shabiki wa Simba atakayekubali kuambiwa kuwa Sunderland ilikuwa timu nyingine. Hapa Kiswahili hakina shida, tunahitaji tu sifa ya jina la zamani pamoja na tarehe.

Shida ipo katika ligi. Kiingereza kina majina mawili ambayo yote hushawishi mtafsiri kuandika ligi ndogo. La kwanza ni jina la jumuiya ya besiboli ya watoto, ile iliyowakaribisha vijana wa Lugazi. La pili ni la ligi za kulipwa za madaraja ya chini, ambako Ngoepe alicheza miaka mingi kabla ya 2017. Tukiandika ligi ndogo kwa zote mbili, mtoto wa miaka kumi na miwili na mtu mzima anayelipwa mshahara watakuwa safu moja, na mashine itawajumlisha bila kusita, kwa kuwa mashine huunganisha kilichounganishwa na neno. Tunapendekeza besiboli ya watoto kwa ile ya kwanza na ligi za madaraja ya chini kwa ile ya pili. Ligi ndogo lisitumike.

Neno mchezo lina kasoro ya namna hiyo. Besiboli ni mchezo, na pambano la leo jioni nalo ni mchezo. Mtu akiona michezo 20 mbele ya jina la mchezaji, aweza kudhani ni mtaalamu wa fani ishirini. Mchezo ubaki kwa fani, na mechi itumike kwa pambano. Kuhusu msimu tutasema machache. Besiboli ya Marekani huanza na kuisha ndani ya mwaka mmoja, ilhali ligi yetu ya kandanda huvuka mwaka, kwa hiyo safu yenye nafasi ya tarakimu nne tu haitutoshi.

Limebaki suala la mahali pa kuzaliwa, nalo linaturudisha Rufiji. Mji huu huandikwa Mohoro na pia Muhoro. Wajerumani, waliomnyonga Kinjikitile Ngwale hapo mwaka 1905, waliandika Mohorro. Tahajia tatu zaweza kuzaa miji mitatu katika kanzidata. Aidha, Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katika miaka ya 2010. Mchezaji aliyezaliwa Salale mwaka 1990 alizaliwa Wilaya ya Rufiji, na kijiji chake leo kipo Wilaya ya Kibiti. Zote mbili ni kweli, mradi tarehe iwepo. Na ieleweke kwamba orodha za karatasi si kimbilio. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yaliingia Muhoro na kuzamisha makazi na mashamba, na katika hali kama hiyo daftari la katibu wa timu haliwezi kuwa kitu cha kwanza kuokolewa.

Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu 1967, na utaratibu wake wa kusanifisha istilahi ni wa vikao. Hatuupingi. Lakini katika kanzidata ya pamoja lebo huwekwa usiku mmoja na kijana mmoja aliye chuoni, na kesho yake imekwisha nakiliwa kwingineko. Maoni yetu ni kwamba maafisa wa istilahi waingie humo wenyewe, kwa majina yao, wasahihishe lebo moja moja na kueleza sababu katika ukurasa wa majadiliano, badala ya kungoja vijana hao waje kutusoma.

Tumeacha kwa makusudi majina ya nafasi za uwanjani, ila tutaje moja. Kwa anayerusha mpira kuelekea kwa mpigaji, mrusha mpira linafaa, likifuata mrusha tufe na mrusha mkuki. Kwa anayechutama nyuma ya mpigaji, mdakaji lingefaa sana kama kandanda haikuwa imelitwaa kwa golikipa. Tunashauri wajumbe wakawasikilize kwanza wanafunzi wanaoucheza mchezo huu Dar es Salaam wanamwitaje mwenzao huyo, kisha ndipo kamati ikae.