Fundi wa Usiku Mashambani Eldoret

Mvua ya alasiri ikikatika na giza likaingia, mashamba ya mahindi na ngano yanayouzunguka mji wa Eldoret hujaa mlio wa nyenje. Ninayemsema hapa ni yule mweusi, Gryllus bimaculatus, mwenye madoa mawili ya manjano kwenye mashina ya mbawa. Mchana hujificha kwenye nyufa za udongo, chini ya mawe na mabua.

Aimbaye ni dume, na haimbi kwa kinywa. Bawa lake moja la mbele lina mshipa wenye meno madogo yaliyopangwa kama ya kitana. La pili lina ukingo mgumu. Akizifunga mbawa, ukingo hukwaruza meno na sauti hutoka. Akizifungua, kimya. Hufunga na kufungua mara tatu hadi tano upesi upesi, akatua, akarudia. Sehemu nyembamba za bawa hutetema na kuikuza sauti hiyo hadi ikavuka shamba zima. Ana wimbo wa kuita jike kutoka mbali, mwingine wa kumbembeleza akishafika, na wa tatu, mkali, wa kumfukuza dume mwenzake.

Ufundi huu hakufunzwa na yeyote. Jike huyachomeka mayai kwenye udongo wenye unyevu. Joto likifika nyuzi 30 hivi, huanguliwa kabla ya wiki mbili kwisha, lakini kwenye baridi hukawia. Mtoto hufanana na wazazi ila hana mbawa, na hujivua ngozi mara nane au zaidi. Mbawa kamili huja na ngozi ya mwisho tu. Hutoka zikiwa nyeupe na laini, zikakauka na kuwa nyeusi, na siku chache baadaye zinaimba bila kukosea.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huupunguza mwendo wa wimbo. Lakini jike naye, mwenye masikio kwenye miguu ya mbele chini ya goti, husikiliza kwa kipimo cha baridi hiyo hiyo. Kupatana huku kwa mwimbaji na msikilizaji ndiko ninakokustahi kuliko yote.

Mkulima mwenzangu, unapopuliza dawa, uache ukanda wa nyasi kando ya ua bila kuupulizia, ili fundi huyu apate pa kujificha.